Kipande Kilichokataa Kuliwa

Fomu ilikuwa imewekwa juu ya kiti chake, si juu ya meza, ili asiweze kukaa bila kuiona. Mama Jeli aliisoma akiwa amesimama, mkoba bado uko begani. Juu palikuwa na jina lake na namba yake ya kazi, na chini kidogo neno moja alilolisoma mara tatu: uzembe. Kisha kulikuwa na mistari miwili mitupu chini ya maneno "Sababu ya sampuli kuharibika", na nafasi mbili za sahihi, yake na ya msimamizi. Mistari ile alitakiwa aijaze mwenyewe. Yaani mtu akuchimbie kaburi, halafu akukabidhi koleo umalizie!

Aliikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa koti lake jeupe, akaenda kuyeyusha jeli ya asubuhi. Ilikuwa Jumatatu. Alikuwa amepewa mpaka Ijumaa saa sita mchana.

Jina la Mama Jeli hakupewa na wazazi wake. Alilipata hapo hapo kazini, katika maabara ya kuchunguza virusi vya mimea, ambako aliajiriwa miaka ishirini na miwili iliyopita kuosha vyombo vya kioo. Miaka minne aliosha. Sinki lake lilitazamana na meza ya jeli, na hakuna aliyefikiria kumkataza kutazama. Siku moja mhudumu wa jeli aliugua, wasomi wote wakabaki wanakodoleana macho. Yeye akakausha mikono, akapima unga, akauyeyusha, akaupoza mpaka chupa ikashikika kwa mkono mtupu, akamimina taratibu na kuchomeka kitana cha kutengeneza vishimo. Haikuwa na povu hata moja. Tangu siku hiyo sinki lilitafutiwa mtu mwingine.

Kwa asiyejua, jeli hii hailiwi. Ni kibamba laini kinachotetemeka, chenye vishimo upande mmoja. Ndani ya vishimo hutiwa RNA, ule uzi mwembamba ambao kirusi kimeandika humo mambo yake yote, herufi baada ya herufi. Umeme ukiwashwa, nyuzi zinaanza safari kuelekea chini. Ndefu zinajikokota, fupi zinatimua mbio. Mwishoni jeli inapigwa picha, na kila urefu unaonekana kama mstari wake peke yake.

Kazi ilipokwenda kombo, maabara ile ilikuwa na neno moja tu: imekataa. Jeli imekataa. Mashine imekataa. Ni neno la kila mtu, hata redio ikinyamaza nyumbani tunasema hivyo hivyo, lakini pale walilitumia kunawia mikono. Ikishakataa, hakuna aliyekosea. Isipokuwa ikikataa mkononi mwa mwanamke aliyeanzia kwenye sinki. Hapo ghafla inapata jina la kiserikali na fomu yake.

Kulikuwa pia na desturi ya mkasi, na hiyo ndiyo iliyozaa balaa lote. Kila picha ya jeli ilikatwa upande wa chini, upana wa vidole viwili, kabla ya kubandikwa daftarini. Mwanafunzi mgeni akiuliza sababu, aliambiwa kwa sauti nzito kwamba huko chini huteremka takataka zisizo na maana. Mama Jeli alikuwa akicheka moyoni kila aliposikia, maana yeye alikuwepo desturi hiyo ilipoanza. Mkuu wa kwanza, aliyestaafu zamani, aliletewa madaftari ambayo kurasa zake zilikuwa fupi kuliko picha. Basi, hakukuwa na lingine. Ukurasa ulikuwa mfupi, mkasi ukaingia kazini, na miaka ilivyopita ufupi wa ukurasa ukageuka kuwa elimu.

Vile vikaratasi vilivyokatwa hakuvitupa. Kwa miaka tisa alivibandika katika daftari la hesabu ambalo mwanawe alikuwa ameliacha nusu, kimoja chini ya kingine, pamoja na tarehe. Hakuwa na sababu kubwa. Jicho lake lilikuwa limenasa kitu, naye hakuwa mtu wa kutupa kitu ambacho jicho limekinasa. Katika kila kikaratasi cha RNA iliyotoka kwenye majani ya maharage yenye kirusi, palikuwa na mstari mmoja mwembamba, mkali, mahali pale pale. Majani ya maharage yasiyo na ugonjwa hayakuwa nao kamwe.

Mwaka huu maabara ilipata mashine mpya ya picha, na mashine haikujua habari za mkasi. Ilihifadhi picha nzima kwenye kompyuta bila kumwomba mtu ruhusa. Wakaja wakaguzi, wakafungua kompyuta, na mmoja wao akaweka kidole chini kabisa ya kioo akauliza, "Na huu mstari ni wa nini?" Mkuu wa maabara, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa ameandika ripoti juu ya kirusi hicho bila kuutaja, alijibu haraka kuliko alivyofikiri. Alisema ni RNA iliyooza, mhudumu hakuishika vizuri. Mkaguzi akaliandika jibu. Sasa jibu lilihitaji mtu wa kulibeba, na hivyo ndivyo fomu ilivyofika juu ya kiti.

Mama Jeli alimfuata mkuu ofisini mchana wa Jumatatu hiyo hiyo, daftari la vikaratasi likiwa kwapani.

"Daktari, RNA ikioza inaonekanaje kwenye jeli?"

"Mama Jeli, usinirudishe darasani."

"Inaonekana kama moshi. Inakatika ovyo, ndefu, fupi na za katikati, jeli yote inakuwa ukungu. Hii siyo moshi, ni mstari. Hebu tazama. Miaka tisa uko hapa hapa. Uchafu gani una adabu namna hii?"

Mkuu alifunua kurasa mbili tatu, akalifunga daftari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesema jambo mbele ya wageni na sasa halimezeki wala halitemeki.

"Labda ni mkono wako ndio una mazoea yake," alisema. "Unakosea vile vile kila siku, mstari unatokea vile vile."

"Nipe nafasi niendeshe jeli nyingine, uione mwenyewe."

"Itakuwa mkono ule ule, mama. Hata ukiendesha mia. Jaza fomu, uhamie kwenye vyombo, tuendelee na maisha. Usipojaza, faili linakwenda utawala, na huko sitaweza kukusaidia. Wao hawahamishi, wanafukuza. Na kuosha vyombo siyo adhabu, ni kazi."

"Sinki nalijua kuliko wewe. Sikatai sinki, nakataa uongo."

Alitoka bila kubamiza mlango, ingawa mkono ulimwasha.

Nyumbani, mumewe alikuwa akisugua grisi kwenye vidole. Alikuwa fundi bomba, mtu wa amani, ambaye maisha yake yote alikuwa ameona kwamba maji yakizibwa njia huku hutafuta njia kule. Aliisoma fomu akiwa ameishika kwa ncha za vidole ili asiichafue.

"Weka sahihi tu, mke wangu. Mshahara ni ule ule. Utapumzisha na macho."

"Na wakisema miaka mitatu ya kazi yao imeharibiwa na mimi?"

"Waseme. Maneno hayatoboi ngozi."

"Yangu yanaitoboa," alijibu. Hakulilia mshahara. Kilichomuuma ni kwamba kwa miaka kumi na minane mikono ile ndiyo kitu pekee duniani alichokuwa na uhakika nacho, na sasa walitaka aandike kwa mikono hiyo hiyo kwamba haifai.

Mama yake mzazi alikuwa kwenye kochi, akifumua sweta la zamani ili uzi wake utumike tena. Alikuwa amefuma masweta ya shule tangu ujana wake na sasa alifanya hivyo kwa mazoea na kwa ubishi. Alipomwona binti yake amesimama anavimba, alimtupia sweta mapajani.

"Kaa hapo uvute. Mimi nakunja. Mikono ikishughulika na mdomo unapoa."

Mama Jeli akavuta. Uzi ulikimbia kuanzia pindo la chini, mstari kwa mstari, tumbo la sweta likaisha, kifua kikaisha. Ulipofika shingoni ukakwama. Alivuta kwa nguvu.

"We! Usivute kwa hasira, ni uzi wangu huo," mama yake alifoka. "Umekataa hapo kwa sababu nimeufunga. Watoto wanavuta nyuzi za masweta yao darasani, wewe mwenyewe ulikuwa wa kwanza. Sasa mimi shingo naipiga fundo. Avute mpaka achoke, shingo itabaki. Ukitaka uishe wote, lifungue fundo kwanza."

Mama Jeli aliacha mikono yake mapajani. Kila mtu maabarani alijua kwamba mmea haukai tu kusubiri kirusi kiutawale. Una kimeng'enya chake, walichokiita mlaji, ambacho kazi yake ni kushika uzi wa RNA kwa ncha ya mbele na kuutafuna herufi kwa herufi mpaka mkiani. Uzi wa kawaida huliwa wote. Lakini kama uzi wa kirusi una fundo karibu na mkia, mlaji atatafuna, atatafuna, atafika kwenye fundo na kukwama. Nyuma ya fundo kitabaki kipande kifupi, urefu ule ule kila siku, mkono wowote ushike jeli.

"Na fundo likifunguliwa?" aliuliza kwa sauti.

"Si nimeshakwambia? Linaisha lote sweta," mama yake alisema. "Binti huyu siku hizi hasikii."

Jumanne alifika maabarani kabla ya wote, akafungua friji ya baridi kali. Chini kabisa, nyuma ya masanduku ya wakubwa, palikuwa na boksi lake dogo la vitu vilivyokataliwa. Alichokitafuta kilikuwa kichupa kisichozidi ncha ya kidole, kimeandikwa kwa kalamu nyekundu: MBOVU, USITUMIE. Miaka sita iliyopita mwanafunzi mmoja alikuwa akinakili maandishi ya kirusi hicho ili maabara iweze kuchapa RNA yake bila kuhangaika na majani. Alikosea herufi moja, moja tu, karibu na mkia. Alilia siku nzima, mkuu akaandika maneno hayo mekundu, nakala nyingine ikatengenezwa. Mama Jeli ndiye aliyeambiwa akitupe kichupa. Aliitikia vizuri sana, akakihifadhi.

Akalitoa faili la zamani na kutafuta ukurasa ulioonyesha kosa lilipo. Alihesabu herufi kwa ncha ya penseli kutoka mwisho, mara mbili. Herufi iliyokosewa ilikuwa nyuma kidogo ya pale ambapo kile kipande kilichobaki kilianzia, kwa kipimo cha urefu wake kwenye jeli, katikati kabisa ya mahali fundo lilipopaswa kuwa; herufi moja ikikosewa hapo, fundo halifungiki. Alikaa kwenye kile kiti kilichowekewa fomu na kucheka peke yake.

Siku tatu alifanya kazi bila kuinua kichwa. Kutoka kichupa kizima alichapa RNA nzima, na kutoka kichupa kibovu RNA yenye kosa. Alizisafisha, akaziandaa ncha za mbele ili mlaji apate pa kuanzia kuuma. Wenzake walipita nyuma yake wakiongea mambo ya hali ya hewa. Mmoja alimnong'oneza kwamba anajichosha bure, faili lishaandikwa. "Na mimi naandika," alimjibu, macho yakiwa kwenye pipeti, kibomba chake cha kupimia matone.

Ijumaa saa mbili asubuhi alisimama mlangoni kwa mkuu.

"Daktari, naomba mikono yako."

"Mikono yangu?"

"Umesema mkono wangu unakosea. Basi sitagusa kitu. Jeli iko tayari, vichupa viko tayari, kimeng'enya kiko kwenye barafu. Utatia wewe, utaendesha wewe, utapiga picha wewe. Ikitoka moshi, sahihi nitaweka kabla ya saa sita."

Alisema hayo kwa sauti ya kusikika, na korido nzima ikageuka kutazama. Mkuu alitazama huku na huku akitafuta mlango wa dharura, hakuuona. Alivaa koti. Glavu za kwanza zilimbana, za pili zilichanika, na ilipofika zamu ya pipeti ilidhihirika kwamba hajaigusa tangu apate ofisi yenye zulia. Hakuna aliyecheka, au tuseme waliocheka waligeukia ukutani.

"Vichupa vinne," Mama Jeli alimwelekeza, mikono yake mwenyewe ikiwa nyuma ya mgongo. "Viwili RNA nzima, viwili RNA mbovu. Katika kila jozi, kimoja tia mlaji, kingine usitie."

Kwa saa moja mlaji alikula. Kisha mkuu akatia kila kichupa kwenye kishimo chake, akamwaga kidogo pembeni, akawasha umeme. Mama Jeli alikaa akitazama rangi ya bluu, ile inayoonyesha nyuzi zimefika wapi, ikiteremka ndani ya jeli. Hapo ndipo hofu ilipompata sawasawa. Kama amekosea kuhesabu, kama fundo liko kwingine, atakuwa amejivua nguo mbele ya jengo zima. Mikono aliikalia isionekane.

Saa tano na robo picha ilijitokeza kwenye kioo cha kompyuta.

Njia ya kwanza, RNA nzima bila mlaji: mstari mmoja juu, mrefu, mzito. Njia ya pili, nzima pamoja na mlaji: ule wa juu umetoweka, na chini kabisa, kwenye vidole viwili vilivyozoea mkasi, upo mstari mwembamba, mkali. Njia ya tatu, mbovu bila mlaji: mstari mrefu juu kama wa kwanza. Njia ya nne, mbovu pamoja na mlaji: hakuna kitu. Imeliwa yote mpaka mkiani.

Mkuu aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Kisha akanyoosha mkono bila kugeuka, na Mama Jeli, ambaye hakuhitaji kuambiwa, akampa daftari la hesabu la mwanawe. Mkuu alilisogeza kando ya kioo, kikaratasi hadi kikaratasi, miaka tisa. Mstari ulikuwa ule ule.

"Herufi moja," alisema mkuu polepole.

"Moja tu. Kirusi hakimfukuzi mlaji, Daktari. Kinamwacha ale. Kinamwekea fundo pale kinapotaka yeye aishie, na kinachobaki ndicho kilichotakiwa kibaki. Mmea unadhani unaangamiza, kumbe unamkatia nguo adui yake, kwa kipimo chake."

"Na hiki kilikuwa kwenye picha zetu miaka yote?"

"Kilikuwa kwenye takataka zenu. Kwenye picha mlikuwa mmekikata."

Mkuu akavua glavu. Alikuwa na haya, na kwa heshima yake tuseme hakuificha. Alisema atawaandikia wakaguzi leo hii, kwamba alijibu kwa haraka na jibu halikuwa la kweli. Alisema jeli hii itapelekwa kama ilivyo, bila mkasi. "Na ile fomu," alimalizia, "itupe tu, Mama Jeli. Tuisahau."

Watu walianza kutawanyika, wakidhani yamekwisha. Mama Jeli akaitoa fomu mfukoni, akainyoosha mikunjo juu ya meza kwa kiganja.

"Siitupi. Mmenipa niijaze, naijaza. Ina neno uzembe na jina langu kwenye karatasi moja. Nikiitupa leo, kesho kutwa itazaliwa nyingine, na hakuna atakayekumbuka hii iliishia wapi. Nipe kalamu."

Alipewa. Ilikuwa nyekundu, bila mtu kukusudia. Aliandika polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyeacha shule mapema na kujifunza herufi nzuri kutoka kwenye lebo za chupa. Chini ya maneno "Sababu ya sampuli kuharibika" aliandika: Sampuli haikuharibika. Imekataa.

Akaweka sahihi yake, akaigeuza fomu kuelekea kwa mkuu, kidole kikiwa kwenye nafasi ya msimamizi.

Mkuu alisoma. Kwa mazoea ya miaka yote, neno lile la mwisho kwake lilikuwa na maana ya kazi iliyoshindikana, na uso wake ukakunjamana.

"Imekataa nini?"

"Kuliwa, Daktari."

Mkuu aliinua macho akamtazama, kisha akaweka sahihi yake chini ya ile ya Mama Jeli. Ilikuwa bado dakika ishirini kufika saa sita. Mama Jeli alichapa picha na kuipeleka daftarini. Ukurasa ulikuwa mfupi kama zamani. Aliikunja sehemu ya chini kwa ndani, akaibandika nzima, akautia mkasi kwenye droo.